Kwa Nini Dini Mpya Huzuka na Kuenea Katika Nyakati Fulani: Mafunzo Kutoka Mlima Meru

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri kwenye miteremko ya Mlima Meru. Walikuwa wamefika siku chache tu kabla, wakapiga mahema na kukusudia kujenga kituo. Miaka arubaini baadaye Ukristo ulikuwa umetia mizizi katika miteremko hiyo hiyo, miongoni mwa watoto na wajukuu wa wale waliowakataa wageni. Leo msafiri anayetoka Usa River kwenda Arusha mjini huona makanisa ya madhehebu mengi, makubwa na madogo, pamoja na misikiti.

Mlima ni ule ule. Watu ni wa koo zile zile. Ujumbe uliohubiriwa mwaka 1896 haukutofautiana sana na ule uliohubiriwa baadaye. Basi ni nini kilichobadilika? Swali hili ndilo msingi wa makala haya. Kwa kulijibu, mwanafunzi wa historia, elimu ya siasa au sayansi ya jamii ataweza kufahamu jambo kubwa zaidi: kwa nini harakati mpya za dini huzuka na kuenea katika nyakati fulani, na katika nyakati nyingine mbegu zake hukauka juu ya mwamba.

1. Maana ya harakati mpya ya dini

Neno "mpya" hapa lina maana ya kuwa mpya kwa jamii inayohusika. Harakati za namna hii ni za aina tatu. Aina ya kwanza ni dini iliyotoka nje na kuingia mahali ambapo haikuwapo, kama Ukristo ulivyoingia Meru. Aina ya pili ni kundi linalojitenga kutoka katika dini kongwe, likibaki na sehemu kubwa ya mafundisho yake. Aina ya tatu ni ile inayoanzishwa na nabii, mwonaji au mganga anayedai kupata ufunuo.

Ni muhimu kutambua mpaka wa kazi ya sayansi katika jambo hili. Sayansi haina chombo cha kupimia kama Mungu amesema na mtu fulani au hakusema naye. Inachoweza kuchunguza ni nani waliomfuata mtu huyo, lini, kwa njia gani, na katika hali gani ya maisha. Hata hivyo, mhubiri akidai kwamba dawa yake huponya kisukari, dai hilo limetoka katika eneo la imani na kuingia katika eneo la kupimika; sukari iliyomo katika damu hupimwa vile vile kwa muumini na kwa asiyeamini.

2. Majibu mawili yasiyotosha

Jibu la kwanza ambalo watu wengi hulitoa ni umaskini. Jibu hili lina kasoro ya kimantiki. Kitu kisichobadilika hakiwezi peke yake kueleza kitu kinachobadilika. Ikiwa umaskini umekuwapo mwaka hata mwaka, nao hauwezi kueleza kwa nini harakati ilizuka mwaka huu wala si miaka ishirini iliyopita.

Jibu la pili ni ujinga, yaani ukosefu wa elimu. Ushahidi unalipinga jibu hili pia. Mwaka 1968 mtafiti David Barrett, aliyefanya kazi Nairobi, alitoa kitabu kilichochambua harakati za kidini zipatazo 6,000 katika Afrika. Aligundua kwamba makanisa yaliyojitenga yalielekea kuzuka zaidi mahali ambapo Biblia ilikuwa imetafsiriwa katika lugha ya wenyeji. Watu waliojisomea wenyewe waliweza kulinganisha maandiko na matendo ya wamisionari, wakauliza maswali na kuanzisha makanisa yao. Kwa hiyo, mara nyingi harakati mpya ni tunda la kusoma. Huko Ulaya pia, mafundisho ya Martin Luther ya mwaka 1517 yalienea kwa kasi kwa sababu mashine za kupiga chapa zilikuwa zimekwisha kuwapo.

3. Masharti manne

Wataalamu wa sayansi ya jamii wamependekeza maelezo mbalimbali. Kwa kuyakusanya, tunaweza kupata masharti manne ambayo yakikutana huwa ni udongo mzuri wa harakati mpya.

(a) Mtikiso. Mwaka 1956 Anthony Wallace, mwanaanthropolojia wa Marekani, alieleza kwamba harakati za dini huzuka pale ambapo taratibu za maisha zilizozoeleka hazitoi tena matokeo yaliyotazamiwa. Vita, njaa, maradhi na kunyang'anywa ardhi ni mitikiso ya namna hiyo.

(b) Kupanuka kwa ulimwengu. Mwaka 1971 Robin Horton alidai kwamba mizimu ya ukoo na ya mahali hutosha kueleza mambo ya mtu anayeishi kijijini. Mtu huyo akiingia katika ulimwengu wa masoko, serikali na miji, huanza kutafuta maelezo yenye upana unaolingana na maisha yake mapya.

(c) Kukosekana kwa njia nyingine. Watu wenye shida huweza kwenda mahakamani, katika chama cha siasa, katika ushirika au hospitalini. Njia hizo zikiwa zimefungwa, au zikiwa hazifai, dini hubeba mzigo ambao vyombo vingine havikuubeba.

(d) Njia za kuenea. Mwaka 1965 John Lofland na Rodney Stark walichunguza kundi dogo la dini huko Marekani, wakaona kwamba watu huingia katika imani mpya hasa kupitia jamaa na marafiki waliotangulia kuingia. Mahubiri kwa watu wasiojuana huzaa matunda machache. Ujumbe hutembea katika njia ambazo tayari watu wanazipita.

Haya ni masharti yanayopendekezwa. Si sheria kama ile ya mvutano wa ardhi. Yanafaa kuitwa nadharia-tete, na nadharia-tete sharti ijaribiwe. Eneo la Mlima Meru linatupa nafasi nzuri ya kufanya hivyo, kwa kuwa tunaweza kulinganisha nyakati mbalimbali katika sehemu moja.

4. Jaribio la kwanza: mwaka 1896 na miaka ya 1920

Miaka ya 1890 ilianza kwa maafa. Sotoka iliua ng'ombe wengi katika Afrika Mashariki, ikafuatwa na njaa na ndui. Sharti la mtikiso lilikuwa limetimia. Lakini wamisionari walipofika Akeri mwaka 1896, vyombo vya jamii vilikuwa bado vina nguvu, hasa rika la vijana wapiganaji. Zaidi ya hayo, wageni hao walifika wakati mmoja na jeshi la Kijerumani la Kapteni Johannes, nao hawakuwa na ndugu, rafiki wala mkalimani mwenye heshima katika eneo hilo. Machoni pa wenyeji, mhubiri na askari walikuwa kitu kimoja. Njia ya kuenea haikuwapo.

Baada ya mauaji hayo Wajerumani walilipiza kisasi kwa ukali: migomba ilifyekwa, nyumba zilichomwa na mifugo ikatekwa. Mwezi wa Machi 1900 walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na wa Arusha. Boma la Arusha lilijengwa wakati huo huo. Kisha ardhi ya chini ya mlima iligawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini, hata watu wa mlimani wakawa wamezungukwa na mashamba ya wageni. Rika la wapiganaji likakosa vita vya kupigana, na vijana wakakosa nafasi ya kujipatia heshima kwa njia ya zamani.

Wamisionari walirudi mwaka 1902 na kuweka kituo Nkoaranga, na mwaka 1904 wakafungua kingine Ilboru kwa Waarusha. Hapo mwanzo waumini walikuwa wachache. Ongezeko kubwa lilikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na hapa pana jambo la kuzingatia sana. Mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa nchini na Waingereza. Mtu angetazamia kwamba kanisa lingekufa. Badala yake, walimu Waafrika walilichukua. Walimu hao walikuwa ni wana wa koo za pale pale. Walifundisha watoto wa dada zao na wa shangazi zao, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili. Shule ilimpa kijana heshima mpya iliyochukua nafasi ya mkuki, na kahawa ilimpa fedha ambazo zilihitaji hesabu na kusoma. Masharti yaliyokosekana mwaka 1896 yakawa yametimia: taratibu za kale zilikuwa zimevunjika, ulimwengu ulikuwa umepanuka, na ujumbe ulikuwa umepata njia za ukoo za kupitia.

5. Jaribio la pili: mwaka 1951, au shida isiyozaa dini

Mwanasayansi mzuri hatafuti mifano inayomkubalia tu. Hutafuta pia mahali ambapo jambo lilitazamiwa kutokea na halikutokea.

Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi wa Kizungu ardhi hiyo. Huu ulikuwa mtikiso mkubwa. Mahali pengine mitikiso ya namna hii ilizaa manabii. Katika kusini ya nchi, kulazimishwa kulima pamba kulitangulia maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Magharibi ya Kenya, Elijah Masinde aliongoza Dini ya Msambwa kuanzia miaka ya 1940, akipinga amri za serikali na kuwepo kwa walowezi.

Wameru hawakufuata njia hiyo. Waliunda umoja wa raia, wakachanga fedha, wakamweka mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa, New York, kudai haki yao. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani sheria iliwapa wananchi wake mlango wa kupeleka malalamiko. Walikuwa pia na watu waliosoma katika shule zile za misioni. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini kesi hiyo iliamsha siasa ya nchi nzima kabla ya kuundwa kwa TANU mwaka 1954.

Jaribio hili linatufundisha uzito wa sharti la tatu. Shida peke yake haizai dini mpya. Mahali ambapo mlango mwingine umefunguliwa, hata kama ni mwembamba, matumaini ya watu huweza kupita humo. Huenda hii ni mojawapo ya sababu kwamba Tanzania imekuwa na makanisa machache ya kujitenga kuliko Kenya au Afrika Kusini.

6. Jaribio la tatu: wanawake wa Kimaasai na orpeko

Katika nyika za Wamaasai za Mkoa wa Arusha wa wakati ule, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, wanawake wengi walishikwa na hali iliyoitwa orpeko, jina ambalo wataalamu hulihusisha na neno la Kiswahili pepo. Mgonjwa aliishiwa nguvu, alitetemeka, alilia, au alishindwa kufanya kazi. Waganga wa kimila, yaani maloiboni, hawakufaulu kuitibu. Iliaminika kwamba tiba yake ni ubatizo na kuingia katika ushirika wa kanisa. Wanawake wakamiminika makanisani, na waume wengi wakabaki nje.

Kwa nini wanawake, na kwa nini wakati ule? Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson ameeleza kwamba tangu ukoloni, kodi, masoko ya mifugo na mipango ya maendeleo ilimtambua mwanamume kuwa ndiye mwenye ng'ombe. Haki za mke juu ya maziwa, ngozi na mifugo aliyopewa zilipungua, na sauti yake nyumbani ikadhoofika. Hakuwa na baraza la kupeleka shauri lake. Kanisani alipata mahali pa kukusanyika na wenzake pasipo kuomba ruhusa ya rika la wanaume, kuimba, na kutunzwa anapougua.

Mfano huu unaonyesha kwamba mtikiso haumpati kila mtu sawasawa. Mtafiti asiulize tu kama jamii imetikisika. Aulize nani ndani ya jamii hiyo amepoteza nafasi yake. Pwani nako, mwanzoni mwa karne ya 20, tarika ya Qadiriyya ilipata wafuasi wengi miongoni mwa watu waliodharauliwa. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyefika pwani akiwa mtumwa kutoka bara, alikuwa khalifa wake mashuhuri. Katika halaka ya dhikri, aliyekuwa mtumwa na aliyekuwa mwungwana walishikana mikono.

7. Jaribio la nne: mji unaokua na kikombe cha Samunge

Mwaka 1967 mji wa Arusha ulikuwa na wakazi wapatao 32,000. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu 416,442, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631. Wengi wa wakazi hao wametoka mbali na koo zao. Wakati mji ulipokuwa ukikua, mambo mengine yalibadilika pia. Mwaka 1986 serikali iliingia mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya huduma za jamii yakabanwa. Mwaka 1993 wananchi walianza kuchangia gharama za hospitali za serikali, na mwaka huo huo sheria iliruhusu redio na televisheni za watu binafsi. Katika miaka hiyo makanisa ya Kipentekoste, kama lile la EAGT lililoanzishwa na Moses Kulola mwaka 1991, yalikua haraka mijini. Mgeni asiye na ndugu mjini alipata humo watu wa kumwita ndugu, wa kumwuguza na wa kumzika.

Makanisa makongwe nayo yalitikisika. Kati ya mwaka 1990 na 1993 Wameru wengi walidai dayosisi yao wenyewe na kutaka kutoka katika Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, yenye makao yake Moshi. Mgogoro huo uliambatana na vurugu za kusikitisha. Mafundisho hayakuwa chanzo kikuu. Ugomvi ulihusu zaidi nani aongoze na nani aamue juu ya mali.

Mfano ulio mashuhuri zaidi ulitokea mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alisema kwamba Mungu amemwonyesha dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja kilitolewa kwa shilingi 500, naye alisisitiza kwamba dawa hufanya kazi ikitolewa kwa mkono wake mwenyewe, pale pale Samunge. Magari yalijipanga kwa kilomita nyingi, na Arusha mjini ikawa kituo kikuu cha safari. Walikwenda maskini na matajiri, wakulima na mawaziri, Watanzania na wageni kutoka nchi jirani.

Masharti yote manne yanaonekana hapa. Ukimwi na kisukari ni maradhi ambayo kwa kawaida hospitali huyatunza bila kuyaondoa. Mgonjwa aliyezoea kwamba sindano huponya hukutana na daktari anayemwambia atumie dawa maisha yake yote. Tiba za hospitali zina gharama, na kikombe kilikuwa rahisi. Mchungaji alikuwa mtu wa kanisa linaloheshimika, na dawa yake ilikuwa ya mizizi, hivyo aliunganisha mambo mawili ambayo watu waliyaamini tayari. Na habari zilipita katika simu za mkononi, kutoka kwa shangazi hadi kwa mpwa, haraka kuliko gazeti lolote.

Hata hivyo, hakuna utafiti wa kitabibu uliothibitisha kwamba kikombe hicho kiliponya maradhi hayo. Wagonjwa wengine walifariki njiani na katika foleni, na wengine waliacha kutumia dawa za hospitali. Hapa ndipo lile dai la kupimika linapokuwa suala la uhai na kifo.

8. Kwa nini nyingine hudumu na nyingine hufifia

Mtaalamu Mjerumani Max Weber alieleza kwamba mamlaka ya nabii hutegemea karama yake, na karama hufa na mwenyewe isipogeuzwa kuwa taratibu: vyeo, shule, hazina na kanuni. Simon Kimbangu wa Kongo alihubiri kwa miezi michache tu ya mwaka 1921 kabla ya kufungwa, naye alifia gerezani mwaka 1951. Lakini wafuasi wake walijenga kanisa lenye uongozi, ambalo mwaka 1969 lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Samunge ilikuwa kinyume chake. Nguvu yote ilikuwa katika mkono wa mtu mmoja na mahali pamoja, wala hapakuwa na ushirika wa kuwakusanya watu baada ya kunywa. Umati ulipungua upesi, na Mwasapile alifariki mwaka 2021.

9. Hatari na wajibu

Harakati nyingi za dini hazina madhara, na nyingine zimejenga shule na hospitali. Lakini tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea kwa moto huko Kanungu, Uganda, na mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kenya, ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa. Katika matukio haya mawili wafuasi walikuwa wametengwa na jamaa zao, wamehimizwa kuuza au kuacha mali zao, na maisha yao yote yalikuwa mikononi mwa viongozi wasioulizwa. Mwingine anayepaswa kuogopwa ni yule anayekataza hospitali.

Mwalimu anayemdhihaki mwanafunzi ambaye mama yake alikwenda Samunge hatamfundisha kitu, atamfungia mlango. Inafaa zaidi kuuliza: mama alikuwa akitafuta nini ambacho hakukipata kwingine? Jibu la swali hilo mara nyingi huonyesha chombo cha jamii kilichopwaya, iwe ni zahanati isiyo na dawa, baraza lisilosikiliza, au mtaa usiojua jirani yake. Chombo hicho kikitengenezwa, imani hubaki kuwa imani, na haiachiwi peke yake kazi ya daktari na ya hakimu.

Maswali na kazi

1. Eleza kwa nini umaskini peke yake hautoshi kueleza wakati wa kuzuka kwa harakati ya dini.

2. Linganisha hali ya Mlima Meru ya mwaka 1896 na ile ya miaka ya 1920. Ni masharti gani yaliyobadilika?

3. Kesi ya ardhi ya Meru ya mwaka 1951 na 1952 ina umuhimu gani katika kuijaribu nadharia-tete ya makala haya?

4. Watafiti huelekea kuandika juu ya harakati zilizofaulu na kusahau zile zilizokufa mapema. Jambo hili laweza kuharibu vipi hitimisho lao?

5. Chagua makanisa au misikiti mitatu katika kata yako. Uliza wazee ilianza mwaka gani, na mtu wa kwanza kujiunga katika kila ukoo aliletwa na nani. Panga majibu katika jedwali, kisha uonyeshe kama yanakubaliana na maelezo ya Lofland na Stark. Usiandike majina ya watu.